Plagi Hufungwa kwa Vidole Kwanza

Siku hizi katika vijiji vyetu nyumba nyingi zina chombo cha petroli. Kwa huyu ni pikipiki aliyoinunua kwa fedha za karafuu, kwa yule ni jenereta ya kuangazia duka, kwa mwingine ni mashine ya boti ya kuvulia, na penye uwezo zaidi ipo motokaa. Vyombo hivi vyote, vikubwa kwa vidogo, vina kitu kimoja ambacho urefu wake haupiti kidole cha mkono, na bei yake, ikiwa ni cha kawaida, haifiki bei ya jogoo. Kitu hicho ni plagi.

Plagi ikifungwa vizuri, mwenye chombo husahau kwamba ipo. Ikifungwa vibaya, yaweza kuiharibu injini ambayo thamani yake ni mara nyingi kuliko bei ya plagi hiyo. Leo nimekusudia kuwaeleza namna ya kuifunga, na nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana mtu akificha kosa lake hawezi kumwonya mwenzake.

KOSA LANGU

Mimi ni karani wa parokia huku Pemba. Misioni yetu ina pikapu moja kuukuu, injini yake ni ya petroli, ya silinda nne. Katika masika ya mwaka 2019 gari ile ilianza kukohoa. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, na kila kilima ilikuwa ikikipanda kwa taabu kama punda mwenye kidonda. Mafundi husema gari ya namna hiyo “inamisi”, yaani silinda moja yaruka zamu yake ya kuwaka.

Baba Paroko akanipa fedha nimwendee fundi. Mimi nikajisemea moyoni: Nimesoma chuo cha ualimu, nimefundishwa sayansi, je, plagi nne zitanishinda? Nikanunua plagi mpya, nikaazima spana, na fedha ya fundi nikairudisha ofisini kwa furaha ya mtu aliyeokoa mali ya Kanisa.

Plagi tatu ziliingia vizuri. Ya nne, iliyoko nyuma kabisa mahali ambapo mkono haupiti vyema, ilikataa. Basi sikuianza kwa vidole. Niliitia katika spana, nikaisukumiza tunduni, nikazungusha. Ilikuwa nzito. Nikaongeza nguvu. Ikaingia, nami nikaona nimeishinda. Kumbe nilikuwa nimeitia upande, na uzi wa chuma wa plagi ulikuwa ukiukata uzi wa alumini wa injini kama kisu kinavyokata muhogo mbichi.

Gari iliwaka, ikaenda vizuri siku tatu. Usiku wa siku ya nne, mvua ikinyesha, jirani yetu mmoja alikuja kubisha hodi. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, na hakuna mwendesha pikipiki aliyethubutu kumpakia mwanamke wa hali ile katika utelezi. Jirani huyo ni Mwislamu, kama walivyo jirani zetu wengi kisiwani, na katika taabu ya namna hii hapana aulizaye dini ya mwenziwe. Baba Paroko akatoa gari, mimi nikashika usukani, yule mama akapanda pamoja na mumewe na mama yake mzazi.

Tulipokuwa katikati ya kilima, bado hatujafika Chake Chake, palilia mshindo chini ya boneti kama wa bunduki, kisha mlio wa pumzi, pa! pa! pa! Gari ikaishiwa nguvu, ikasimama. Plagi ya nne ilikuwa imeng'oka na kutoka na uzi wote wa tundu lake.

Sitazisahau zile dakika ishirini na tano. Mwanamke alia ndani ya gari, mvua yapiga bati, na mimi nimesimama barabarani nikipunga mwanga wa simu, huku nikijua kwamba gari ile haikusimamishwa na Mungu wala na shetani. Ilisimamishwa na mkono wangu. Mwishowe ikatokea gari ya samaki. Dereva akashusha matenga yake kando ya njia bila kuuliza bei, akampakia yule mama na wenziwe, akaenda mbio. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mzima, na mama yake mzima. Namshukuru Mungu kila nimwonapo akipita na wenziwe kwenda chuoni.

Yaliyofuata yalikuwa hasara ya fedha. Kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, kilifunguliwa, kikapelekwa Unguja kwa meli, tundu likatobolewa upya na kutiwa uzi mwingine wa chuma. Majuma matano parokia haikuwa na gari. Baba Paroko alikwenda vigangoni kwa pikipiki za kukodi, akarudi amelowa, wala hakunigombeza hata siku moja. Ukimya ule uliniuma kuliko maneno.

Fundi aliyekirudisha kile kichwa ni mzee wa Chake Chake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akanishika mkono, akakitia kidole changu katika tundu lile jipya nipapase uzi wake. “Karani, mwanangu,” akasema, “spana haina hisia. Vidole vina hisia. Plagi hufungwa kwa vidole kwanza. Spana huja mwisho kuitikia amina.” Nikamwomba anifundishe, naye akanikubalia nije gereji kwake kila Jumamosi. Haya nitakayoandika ni mafundisho yake, pamoja na yale niliyoyasoma katika maelezo ya watengenezaji wa plagi.

KAZI TATU ZA PLAGI

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Pistoni huukandamiza mchanganyiko huo, kisha cheche ya umeme huuwasha. Moto hutanuka, huisukuma pistoni chini, na nguvu hiyo ndiyo izungushayo magurudumu. Cheche hiyo ni kazi ya plagi.

Tazama plagi mkononi mwako. Katikati yapita ncha ya chuma. Imezungukwa na kauri nyeupe, maana kauri haipitishi umeme. Nje kuna kasha la chuma lenye uzi kama wa skrubu, na chini ya kasha hilo umejikunja mkono mdogo wa chuma unaoikabili ile ncha ya kati. Baina yao pana mwanya mwembamba. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, lakini umeme urukao mwanya ule huweza kufika volti 15,000 hadi 30,000. Ni radi ndogo. Tena si mara moja: injini ya kawaida ya gari ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche mara 25 katika sekunde moja.

Fikra hii si ya jana. Mwaka 1860 huko Paris, Étienne Lenoir aliunda injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kiwanda cha Robert Bosch huko Ujerumani, alitengeneza mtambo wa kuzalisha umeme wa volti nyingi pamoja na plagi yake, na tangu hapo motokaa zikapata moto wa kutegemewa. Injini za dizeli, kama zile za malori mengi, hazina plagi za cheche. Humo hewa hukandamizwa sana hata ikapata joto la kutosha kuiwasha dizeli yenyewe.

Lakini plagi ina kazi nyingine mbili ambazo wengi hawazijui, nami sikuzijua. Kazi ya pili ni kuziba. Tundu la plagi limefunguka ndani ya silinda mnamowaka moto, na plagi ndiyo kizibo chake. Kazi ya tatu ni kutoa joto. Ncha ya plagi hukaa ndani ya moto, na joto lake hupita katika uzi na kikalio chake na kuingia katika kichwa cha injini, ambacho hupozwa kwa maji au kwa upepo.

Ukizifahamu kazi hizi mbili, utaelewa kwa nini kufunga ni jambo kubwa. Plagi iliyolegea haizibi, tena haiwezi kutoa joto lake. Hupata moto kupita kiasi, ikawasha petroli kabla ya wakati, na huko mwisho wake huweza kuwa pistoni kutoboka. Plagi iliyokazwa mno huvuta uzi wa alumini hata ukakatika, au yenyewe hukatika shingo na kubaki tunduni. Kwa hiyo yatakiwa kipimo, wala si nguvu.

KUCHAGUA PLAGI

Usinunue plagi kwa kutazama umbo lake tu. Yako mambo matatu ya kulinganisha.

La kwanza ni unene wa uzi. Plagi za magari mengi zina uzi wa milimita 14, ingawa magari mengine mapya yana wa milimita 12. Pikipiki nyingi huwa na wa milimita 10 au 12. La pili ni urefu wa uzi. Plagi ndefu kuliko ipasavyo yaweza kugongwa na pistoni. Fupi kuliko ipasavyo huacha sehemu ya tundu wazi, masizi yakajaa humo, na siku utakapotia plagi ya sawa haitaingia.

La tatu ni joto. Ziko plagi “za baridi” zitoazo joto upesi, na ziko plagi “za moto” zitoazo joto polepole. Kila injini imepangiwa yake. Hapa pana mtego: katika plagi za NGK na Denso namba ikizidi kuwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, lakini katika plagi za Bosch na Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Basi usichukue namba ya kampuni hii ukaitafuta katika plagi za kampuni ile. Fuata kitabu cha chombo chako. Kama huna kitabu, mpelekee muuzaji plagi ya zamani, ikiwa una hakika kwamba ndiyo iliyokuwa ya sawa. Tena nunua kwa mtu unayemjua, maana plagi za bandia zipo, na sanduku zuri si ushahidi.

KUITOA YA ZAMANI

Subiri injini ipoe kabisa. Alumini ikiwa ya moto hutanuka na kulainika, na uzi wake huharibika upesi. Wengi huharibu hapa kwa sababu ya haraka, na haraka haraka haina baraka.

Puliza au pangusa mchanga na vumbi lote linaloizunguka plagi kabla hujaifungua, maana uchafu ukitumbukia tunduni hukwaruza silinda. Unapotoa waya, shika kofia yake ya mpira, usivute waya wenyewe. Gari ikiwa na waya nne, toa plagi moja, funga mpya, rudisha waya wake, ndipo uende kwa ya pili. Kila silinda ina zamu yake, na katika magari mengi ya silinda nne zamu huenda 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya waya, gari haitawaka, au itapiga mizinga katika ekzosi. Magari mengi ya siku hizi hayana waya hizo. Kila plagi ina koili yake juu, nayo yafaa kutolewa taratibu vilevile, kwa kuanza na kichomeo chake cha umeme.

Usiitupe plagi ya zamani kabla hujaisoma. Ncha ikiwa ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini i mzima. Ikiwa nyeusi na kavu kama chungu cha jikoni, petroli yaingia nyingi kuliko hewa. Tazama kwanza chujio la hewa. Ikiwa nyeusi na imelowa mafuta, oili yapenya ndani ya silinda, na ukibadili plagi tu ugonjwa utabaki. Ikiwa nyeupe, imeungua na kutoka malengelenge, injini yapata joto mno au plagi si ya namba yake. Fundi wangu huzipanga plagi nne mezani kwa mfuatano wake na kuzitazama kimya kabla hajagusa kitu kingine.

KUPIMA MWANYA

Mwanya wa plagi hupimwa kwa geji ya vibati vyembamba, ambayo bei yake si kubwa. Magari mengi hutaka mwanya wa kati ya milimita 0.7 na 1.1, na pikipiki nyingi kati ya milimita 0.6 na 0.9. Kitabu cha chombo ndicho kisemacho neno la mwisho. Mwanya ukiwa mpana mno, cheche hushindwa kuruka hasa injini inapovuta mzigo, na koili huchoka. Ukiwa mwembamba mno, cheche huwa dhaifu.

Kama yahitaji kurekebishwa, pinda ule mkono wa pembeni tu, kidogo kidogo. Usiiegemee ncha ya kati, maana kauri yaweza kupasuka mahali usipopaona. Plagi za iridiamu na platinamu zina ncha nyembamba kama sindano. Hizo usizikwangue kwa brashi ya waya wala msasa, na mwanya wake usiuchezee. Plagi yoyote iliyoanguka sakafuni, hata ikiwa mpya, mafundi waangalifu huiacha. Huenda kauri imepata ufa ndani, na ufa huo utauona siku ya safari.

KUFUNGA

Sasa tumefika katika jambo lenyewe. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

Kwanza, pangusa kikalio cha plagi katika injini kwa kitambaa kikavu. Chembe ya mchanga ikibaki hapo, plagi haikai sawa.

Pili, usipake grisi wala oili katika uzi. Watengenezaji wengi wa plagi wamekwisha kuupaka uzi madini ya kuzuia kutu. Ukiongeza grisi, uzi huteleza, nawe utakaza kupita kiasi bila kujua.

Tatu, mahali ambapo vidole havifiki, chukua kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shubiri moja au zaidi, kichomeke katika kichwa cha plagi, uishushe tunduni kwa mpira huo. Hii ni hila ndogo yenye faida kubwa. Plagi ikiwa imekaa upande, mpira utateleza tu mkononi mwako wala hautakuwa na nguvu ya kukata uzi. Kipande hicho cha mpira kingaliokoa gari ya parokia.

Nne, anza kwa kuizungusha plagi kinyume, upande wa kushoto, polepole. Utasikia kama imedondoka kidogo, tik! Hapo nyuzi zimekutana. Sasa zungusha kulia. Yapasa iende laini, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikalie. Ikiwa nzito baada ya mzunguko mmoja au miwili, simama. Itoe, tazama, anza upya. Usiseme “itaingia tu”. Ndiyo maneno niliyoyasema mimi.

Tano, ikiisha kukaa kwa vidole, ndipo ushike spana. Plagi mpya ya uzi wa milimita 14 yenye pete ya chuma laini, yaani washa, kaza nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili, ili pete ile ibanwe. Zile za milimita 10 na 12 zatosha nusu ya mzunguko. Plagi iliyokwisha kutumika, ambayo pete yake imebanwa tangu zamani, yahitaji kiasi cha moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale wa saa unapotoka kwenye namba 12 kufika namba 1. Plagi isiyo na pete, yenye kikalio cha mteremko, kiasi cha moja ya kumi na sita tu.

Mwenye spana ya kipimo atapata uhakika zaidi. Katika kichwa cha alumini, plagi ya milimita 14 hukazwa kwa nyutoni-mita 25 hadi 30, ya milimita 12 kwa 15 hadi 20, na ya milimita 10 kwa 10 hadi 12. Tazama jinsi kipimo kinavyopungua uzi ukiwa mwembamba. Kijana wa pikipiki anayening'inia kwenye spana kwa uzito wa mwili wake wote aitafuta hasara kwa jasho lake.

Sita, rudisha kofia ya waya au koili, ubonyeze mpaka ushike. Washa injini, uisikilize. Mlio ukiwa wa sawa, wenye mapigo yanayofuatana bila kuruka, kazi imekwisha.

Plagi za kawaida za nikeli hudumu takriban kilomita 20,000 hadi 40,000. Za iridiamu huweza kufika kilomita 100,000. Si vema kungoja mpaka gari isimame. Injini inayomisi humwaga petroli isiyoungua katika ekzosi, na petroli hiyo huosha oili inayolinda silinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO KWA WENYE BOTI

Sisi tunaokaa visiwani tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu. Kauri ya plagi ikishika chumvi kwa nje, umeme huteleza juu yake badala ya kwenda kwenye ncha. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, na kofia yake iwe nzima bila nyufa.

Wenye mashine za boti zinazochanganya oili katika petroli wapime mchanganyiko kama kitabu kilivyoagiza. Mashine nyingi huagizwa sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Anayekisia kwa jicho, akadhani oili nyingi ni heri, hujaza plagi masizi na mafuta, na mashine humzimikia mahali pabaya.

Nanyi mwajua mahali pabaya ni wapi. Mkondo wa Pemba, ulio baina yetu na bara, una kina cha mamia ya mita. Nanga ya ngalawa haifiki chini. Tena maji ya pwani hii hukimbilia kaskazini. Mvuvi aliyezimikiwa na mashine hupelekwa yasikotaka matakwa yake. Kwa hiyo kila boti iwe na plagi mbili za akiba zilizokwisha kupimwa mwanya, spana yake, na kitambaa kikavu, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa mashine ni plagi.

KAZI YA MIKONO

Wengine watasema: Haya ni mambo ya gereji, yameingiaje katika gazeti la familia ya Kikristo? Nami najibu kwamba Kanisa katika nchi yetu halikuanza kwa vitabu tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863 waliendesha karakana, vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa uhunzi na useremala. Na mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, ili kila mwenye kushika nyundo na spana ajue kwamba kazi yake i mbele ya macho ya Mungu. Yosefu aliunganisha mbao kule Nazareti, na mlango uliotoka mikononi mwake ulipaswa kufungika barabara. Hakuwa na haki ya kusema “si kitu, kazi ndogo”.

Injili yatufundisha kwamba aliye mwaminifu katika kidogo hukabidhiwa kikubwa. Mimi nilikabidhiwa plagi nne, na juu ya plagi zile nne pakaja kupanda mama mwenye uchungu. Hakuijua plagi, hakujua nani aliyeifunga. Alituamini tu. Hivi ndivyo ilivyo kwa kila abiria wa bodaboda, kwa kila mtoto apandaye boti ya baba yake.

Basi, wazazi, mwanenu akitaka kujifunza ufundi, mwacheni ajifunze vizuri kwa fundi mwenye subira, awe wa kiume au wa kike, maana kazi hii yataka vidole vyenye kusikia kuliko misuli. Na kama kazi imekuzidi, mwite fundi na umlipe ujira wake. Kumwita fundi si aibu, na kuuliza si ujinga. Fedha niliyoirudisha ofisini siku ile kwa majivuno, parokia iliilipa tena mara nyingi.

Pikapu yetu yatembea hata leo. Plagi zake nazibadili mimi, kwa idhini ya Baba Paroko, ambaye mara ya kwanza alikuja akasimama nyuma yangu asiseme neno. Kipande cha mpira wa petroli nimekitundika ukutani ofisini, karibu na kitabu cha Ubatizo. Wageni huniuliza ni cha nini, nami huwaambia kisa hiki chote.